Sauti ya Mama Mitambo

Jumamosi, 1 Novemba
Nina miaka sabini na tisa. Nimewazika kaka zangu wawili, dada yangu na mke wangu. Nimezika televisheni tatu na manahodha wawili wa Chombo Namba Tisa. Nahodha wa kwanza alimezwa na jua. Wa pili aliacha kazi, wanasema alitaka mshahara mkubwa. Mimi nipo. Katika mji huu kuna nyumba ambazo wenyewe wamekufa, watoto wao wameziuza, na lipu niliyopiga mimi haijabanduka hata ganda.

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima amesema tuandike kila siku, hata mstari mmoja. Wenzangu wanaandika majina yao. Mimi naandika kitabu.

Leo shemeji amenyoa ndevu zangu kama kila Jumamosi. Shemeji huyu ni mume wa marehemu dada yangu. Alikuwa kinyozi mpaka presha ya macho ilipomtia giza. Sasa hanyoi mtu ila mimi. Kidole kinatangulia, wembe unafuata. Hajanikata hata siku moja. Watu wakipita wakituona barazani, wao ndio wanafumba macho.

Saa kumi na moja jioni tukaangalia Chombo. Nasema tukaangalia, ni mimi naangalia. Ni hadithi ya kwenye televisheni, ya watu waliopotea huko juu kwenye nyota, wanatafuta njia ya kurudi kwao. Wanasema kwa lugha ya kigeni, na maandishi ya Kiswahili yanapita chini. Mimi namsomea shemeji.

Jumapili, 2 Novemba
Mvua.

Jumatatu, 3 Novemba
Mvua. Ukuta wa chumba cha shemeji una ufa, sasa unatoa maji. Nimepaka saruji juu yake. Umekwisha.

Alhamisi, 6 Novemba
Mwalimu ameniuliza mbele ya watu, babu, kwa nini umeamua kusoma uzeeni? Nikamwambia uzee ni wa miguu, kichwa changu kina miaka arobaini. Wakacheka. Sababu yenyewe sikuitaja. Yale maandishi ya chini yanakimbia. Nikifika neno la tatu yameshaondoka, yamekuja mengine. Basi yanayonipita nayajaza mwenyewe. Fundi haachi tundu ukutani.

Jumamosi, 8 Novemba
Umeme umekatika Chombo kikiwa katikati, Nahodha amenasa kwenye mlango wa chuma. Shemeji akasema, "Basi tena, tumekosa." Nikamwambia ngoja, mimi niliona tangazo lake, najua mwisho. Sikuona tangazo lolote. Nikaendelea kusimulia gizani mpaka Nahodha akatoka.

"Leo ilikuwa tamu," shemeji akasema. "Kuliko wiki iliyopita."

Mimi ni mimi.

Jumapili, 9 Novemba
Niandike habari ya Mama Mitambo, maana mwalimu amesema msomaji asipotezwe. Ni fundi wa chombo. Mwanamke mnene, mikono ina mafuta ya mashine, hasemi sana. Mwaka aliokufa dada yangu, shemeji alikaa wiki nyingi hali wala hasemi. Jumamosi moja Nahodha akagonga mlango wa chumba cha mitambo, Mama Mitambo akafungua mdomo, na maandishi yakanipita yote. Nikampa maneno ya dada yangu. Dada alikuwa akimsikia mumewe anagonga mlango kwa kupapasa, anamwambia, "Hodi ya nini? Nani anapiga hodi kwake?" Nikasema hivyohivyo.

Shemeji akacheka. Cheko la kwanza tangu mazishi. Akasema, "Huyu mama anasema kama mke wangu."

"Wapo watu wa namna hiyo," nikajibu.

Tangu hapo Mama Mitambo anasema kama dada yangu kila Jumamosi. Maneno ya dada yalipoisha nikamtungia mengine. Na shemeji naye akaanza kusema, "Hata mke wangu alikuwa akisema hivyo." Sikumbishia. Nani anambishia mtu anayekula?

Jumatano, 12 Novemba
Mvua. Ufa umerudi. Nimepaka tena.

Jumamosi, 15 Novemba
Mpwa wangu amepiga simu, binti wa shemeji. Ana duka la dawa mji wa mbali.

"Mjomba, nyumba hiyo inavuja. Baba ana kifua. Namchukua."

"Inavuja wapi? Ukuta nimeupaka mwenyewe."

"Unaupaka kila wiki, mjomba. Ukuta si shavu la bibi harusi."

Ulimi huo kaurithi kwa mama yake. Nikampa shemeji simu. Nikamsikia akisema, "Siendi, mwanangu. Mama yako alikuwa akisema, mtu akipotea asimame palepale alipo, mpaka apatikane. Mimi nimepotea macho. Nitasimama hapa."

Mama yake hakusema hivyo hata siku moja. Alisema Mama Mitambo, mwaka juzi, Chombo kimepotea kwenye ukungu. Yaani nilisema mimi.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikanywa chai.

Jumapili, 16 Novemba
Mvua.

Jumatatu, 17 Novemba
Mvua. Shemeji amekohoa asubuhi.

Jumatatu, 24 Novemba
Balaa. Tulikuwa tunasikiliza taarifa ya habari, likaja tangazo. Kipindi maalumu cha sikukuu cha Chombo Namba Tisa, Jumamosi ya mwisho wa mwaka, saa nzima na nusu, na kwa mara ya kwanza watasema KISWAHILI. Wametiwa sauti.

Shemeji amepiga makofi kama mtoto. "Shemeji! Koo lako litapumzika! Nitamsikia Mama Mitambo mwenyewe!"

Nikasema vizuri sana.

Jumamosi, 6 Desemba
Umeme umekatika tena. Nimesimulia. Mama Mitambo leo nimemwambia asiseme sana, nimempa mafua. Shemeji akaniuliza kama anaumwa. Nikasema sauti inaweza kubadilika kabisa mtu akiwa na mafua ya nyota.

"Mafua ya nyota?"

"Ni mabaya sana."

Jumamosi, 20 Desemba
Umeme umekatika. Mvua kubwa. Kila Jumamosi unakatika, na Jumamosi ijayo naomba ukatike pia. Naandika hili kwa mkono wangu na sioni haya.

Ijumaa, 26 Desemba
Nimepanda juu ya stuli nikashika waya wa antena. Ukiuvuta kidogo tu picha inakufa. Shemeji yuko chini ananiuliza, "Unaikaza, eeh? Kaza vizuri." Nikaikaza vizuri.

Jumamosi, 27 Desemba
Hakuna wingu. Umeme umekaa tangu asubuhi kama mgeni aliyeonjeshwa mapochopocho. Shemeji amevaa shati lililopigwa pasi. Amenionyesha kidevu: kajinyoa na yeye. Kisha akaninyoa mimi, huku anaimba.

Nianze na kipindi chenyewe, maana mimi nimekifuata Chombo tangu kilipoanza, hakuna mtu mtaa huu wa kunibishia. Kipindi kilikuwa cha ovyo. Nahodha aliimba. Nahodha! Mtu aliyeona wenzake wakimezwa na jua, anaimba juu ya meza amevaa kofia ya karatasi. Roboti amefungwa utepe shingoni kama mbuzi wa mashindano. Wale Wavamizi waliochoma kituo, watu wakafa, leo wamebisha mlango wamebeba zawadi, wakakaribishwa mezani. Hakuna aliyeuliza habari ya kituo. Na theluji inaanguka ndani ya chombo. Ndani! Mimi fundi, nauliza, paa lipo wapi?

Sauti zilikuwa nyembamba. Mama Mitambo alitiwa sauti ya msichana, mtu hata ndizi hajawahi kumenya.

Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja mbele, kama anavyofanya akinoa wembe. Nahodha akaenda chumba cha mitambo akagonga. Hodi. Hapo shemeji akatabasamu, akafungua mdomo, akasema pamoja naye, kwa nguvu: "Hodi ya nini? Nani anapiga hodi kwake!"

Mama Mitambo akasema: "Ingia, Nahodha. Usiguse kitu."

Mkono wa shemeji ukabaki umenyooka, juu ya goti.

"Nani huyo?"

"Mama Mitambo."

"Siye."

"Wametia sauti ya mwingine, shemeji. Na yale mafua..."

"Sauti nimeisikia. Nauliza maneno."

Kwenye televisheni wanacheka. Akasubiri tena. Kila Mama Mitambo alipofungua mdomo, shemeji alisogea mbele, halafu akarudi nyuma. Mara nne, mara tano. Mama huyo alisema vitu vya kawaida tu. Nipe bisibisi. Joto limepanda. Mwisho hakusogea tena.

Halafu likaja jambo ambalo lazima niliandike hata kama linanikera. Karibu na mwisho, wote wako kwenye karamu, Mama Mitambo amekaa peke yake karibu na mtambo mkubwa, sahani juu ya mapaja, hali. Mtambo unanguruma vizuri. Akaugusa, akasema, "Leo sina cha kutengeneza." Basi. Wakamwacha hapo, hawakuweka muziki. Maneno manne. Mimi miaka yote nimempa maelfu, na hakuna hata moja nililompa lenye uzito huo. Vumbi liliingia machoni.

Nikataka kumwambia shemeji. Alikuwa ameshasimama, anapapasa ukuta kwenda chumbani kwake.

Jumapili, 28 Desemba
Asubuhi nimesikia mlango wangu unagongwa. "Hodi." Nikadhani ni mgeni. Ni shemeji. Tumeishi nyumba moja tangu dada yangu yu hai, hajawahi kugonga.

"Ingia."

"Naomba kibiriti."

Akachukua. Akasema asante. Asante!

Jumatatu, 29 Desemba
Hodi. Chumvi. Asante.

Jumatano, 31 Desemba
Mvua. Hodi.

Jumamosi, 3 Januari
Hakuja kuninyoa. Hakuja kwenye Chombo, wamerudia kile kipindi cha sikukuu. Nimekiangalia peke yangu, ili nikidharau vizuri. Wimbo wa Nahodha ni mbaya zaidi mara ya pili. Sahani ya Mama Mitambo ni nzuri zaidi. Sijui nifanye nini na mambo mawili kama hayo.

Jumatatu, 5 Januari
Ndevu zinawasha. Kinyozi wa pale kona ameniita, "Mzee, njoo nikutoe msitu huo, bure!" Nikamwambia uso huu una mwenyewe.

Alhamisi, 8 Januari
Mvua usiku kucha. Maji yameingia kitandani kwa shemeji. Nimekwenda na saruji, nikamkuta amekaa kwenye kiti, blanketi begani.

"Acha," akasema. "Binti yangu anakuja tarehe kumi na saba. Nakwenda."

"Si ulisema utasimama palepale?"

Akanigeuzia uso, akaniangalia. Najua haoni. Aliniangalia.

"Nilisema hivyo, eeh?" akasema. "Nilisikia wapi?"

Nilitoka na ndoo yangu, saruji ikagandia humo.

Jumamosi, 10 Januari
Leo amekuja. Hodi. Ana wembe, ana bakuli.

"Kaa."

Nimekaa. Akapapasa ndevu, akaguna. Akapaka povu. Akaweka kidole, akaweka wembe, hapa, kwenye kongomeo la koo. Kisha wembe ukasimama.

"Shemeji," akasema, "mimi nina maswali na wewe una koo."

"Uliza."

"Nani anapiga hodi kwake. Kauli ya nani?"

"Ya dada. Haki ya Mungu."

"Hiyo najua, nilikuwepo. Nilikuwa nakupima." Wembe ukateleza kidogo, ukasimama tena. "Usigombane na sufuria, gombana na moto."

"Yake."

"Nyota ni vichwa vya misumari, aliyepigilia mbingu alikuwa na haraka."

Maneno hayo yananuka ufundi wa ujenzi toka mbali.

"Yangu," nikasema.

"Hiyo binti yangu ameiandika ukutani dukani kwake. Chini yake ameandika: marehemu mama." Akavuta pumzi. "Mtu akipotea asimame palepale alipo."

"Shemeji..."

"Ya nani?"

"Yangu."

Wembe ukanikata. Kidogo, chini ya sikio. Mara ya kwanza tangu apoteze macho. Damu ikashuka kwenye povu, naisikia ina joto.

"Samahani," akasema. "Mkono uliteleza."

"Najua."

Sijui.

Akabonyeza jeraha kwa kidole chake gumba mpaka damu ikakata. Akaendelea kunyoa. Alipomaliza upande mmoja akasema, taratibu, "Mimi usiku namkumbuka. Sina picha tena, uso umeanza kufutika. Nina maneno yake tu. Sasa kila nikishika neno, nauliza, hili ni lake au ni la huyu fundi lipu? Umenichanganyia, shemeji. Umechanganya mchanga na sukari, na mimi ndiye nimeachiwa kuchambua, tena kipofu."

Nikamwambia ulikuwa huli. Nikamwambia ulicheka.

"Nilicheka," akasema. "Silikatai hilo. Ndilo linaloniuma."

Akaniuliza mengine, moja moja, mpaka povu likakauka usoni. Nikajibu yote. Mengine nilikuwa sijui tena mwenyewe, yake au yangu, nikasema sijui. Hayo ndiyo yalikuwa magumu kuliko yale yaliyokuwa yangu.

Jumapili, 11 Januari
Sikwenda popote.

Jumatatu, 12 Januari
Sasa niandike jambo la kazi. Mwanafunzi wa lipu wa siku ya kwanza anajua hili: ufa haupakwi juu. Unachukua patasi na nyundo, unautanua, unaufuata mpaka unakoishia, unatoa vyote vilivyolegea, unaosha kwa maji, ndipo unajaza. Ukipaka juu unaficha tu, na maji yanafanya kazi yao nyuma yako. Mimi nimewafukuza vijana kazini kwa kosa hilo. Na msimu huu wote nimepaka juu. Mikono inauma, ndiyo. Lakini sababu si mikono. Kuutanua ukuta chumbani kwa mtu lazima uhamishe kitanda chake, vumbi lijae, akuulize kuna nini humo. Nilitaka akae tu.

Leo nimechukua patasi. Ufa haukuishia dirishani kama nilivyodhani. Umepanda mpaka kwenye paa. Shemeji alikaa mlangoni, akisikiliza nyundo.

"Ni mkubwa?" akauliza.

"Mkubwa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Jumanne, 13 Januari
Nimetanua. Mgongo umekataa. Nimeutukana, ukakubali.

Jumamosi, 17 Januari
Mpwa wangu amekuja na gari la kukodi. Amemkumbatia baba yake, kisha akaingia chumbani, akaona ukuta umefunguliwa kama samaki.

"Mjomba! Sasa umeubomoa kabisa?"

"Ndiyo unatengenezwa hivyo, mwanangu. Mwulize baba yako."

Shemeji akasema, "Safari hii anasema kweli."

Nikataka kumwambia mpwa wangu habari ya yale maandishi ya dukani kwake. Shemeji akanishika mkono, hapa juu ya kiwiko. Akasema, "Hayo niachie mimi, njiani. Ni marefu njia nzima." Nikamwachia. Sikujua kama ananihurumia au ananinyang'anya.

Kabla ya kupanda gari alipapasa ukuta mara ya mwisho, akaingiza vidole ndani ya ufa mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akasema lipu ikikauka atakuja kuigusa mwenyewe. Hakusema kuja kukaa. Alisema kuigusa.

Saa kumi na moja nilizima televisheni kabla Chombo hakijaanza.

Jumatano, 21 Januari
Nimejaza ufa. Tabaka la kwanza. Jua limetoka.

Alhamisi, 22 Januari
Kisomo. Mwalimu amesoma daftari hili lote, nikiwa nimesimama. Hakucheka palipostahili. Mwisho akasema, "Babu, umeandika."

Jumamosi, 24 Januari
Saa kumi na moja kasoro simu imelia. Ni shemeji. Hakunisalimu.

"Washa."

Nikawasha. Msimu mpya, wamerudi kwenye lugha yao ya kigeni, maandishi chini kama zamani. Hakuna kofia za karatasi. Nahodha amekasirika, safi kabisa.

"Soma kilichoandikwa," shemeji akasema. "Hichohicho."

Nikasoma. Sasa nafika neno la tano, mara nyingine la sita. Palipokatika nikasema pamekatika. Ilikuwa hadithi yenye matundu kama chujio. "Tunakwenda upande wa... pamekatika. Nani alifungua... pamekatika." Shemeji akisema mmh, mmh. Nyuma yake nasikia binti yake anapanga chupa.

Halafu Mama Mitambo akatokea. Akanawa mikono, akasema kitu kirefu. Maandishi yakaja mistari miwili, yakapita yote, sikushika hata neno moja.

"Ni nani?" shemeji akauliza. Alisikia nimenyamaza.

"Ni yeye."

"Anasema nini?"

"Sikuyawahi."

Nilidhani simu imekatika.

"Basi sema wewe," akasema.

"Niseme mimi?"

"Sema wewe. Lakini uanze hivi: shemeji yako anasema."

Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno, nikamwangalia Mama Mitambo anafuta mikono, midomo inakwenda, na sikumpa kitu.

"Shemeji yako anasema," nikasema, "lipu imekauka."

"Yote? Mpaka juu?"

"Chini imekauka. Juu bado mbichi."

Akasema, "Haya. Endelea kusoma."

Kama yupo atakayesema nimetia chumvi katika habari hizi, mashahidi wapo. Yupo mwalimu wa kisomo, amezisoma zikiwa bado na wino mbichi. Yupo mpwa wangu mwenye duka la dawa, ambaye ukuta wake wa dukani, naambiwa, sasa umefutwa mstari mmoja, ule wa chini. Zipo ndevu zangu, wiki mbili sasa, hazijaguswa na mkono wa mtu. Na shahidi mkubwa ni shemeji yangu, kinyozi. Hakuona hata kimoja. Lakini mambo haya ameyasikia mara mbili, mara ya kwanza nilivyoyatunga na mara ya pili yalivyo. Mwulizeni yeye. Mimi akisema siyo, nitakubali.